Kreni ya mnara ya mbao, kipimo cha 1:25: mkono unapinda, toroli inarudi yenyewe

mwl_ufundi ameuliza:

Habari wadau. Tunaunda na wanafunzi wa Gredi ya 8 kreni ya mnara, mfano wa zile zinazosimama kwenye ghorofa zinazojengwa Upper Hill na Westlands, Nairobi. Kipimo ni 1:25, kwa hiyo mita 1 ya kreni halisi ni sm 4 kwetu. Mnara una kimo cha sm 120, mkono wa mbele sm 120, mkono wa nyuma sm 45. Tunataka ibebe nusu kilo toroli (kigari kinachosogea kwenye mkono kikibeba kulabu) ikiwa sm 110 kutoka katikati ya mnara, na kazi zote tatu (kuinua, kusogeza toroli, kuzunguka) zifanywe na mota.

Hali ilivyo sasa:

Mkono wa mbele ni fito mbili za saiprasi za mm 20 kwa 12, zimelazwa bapa na kuunganishwa kwa vipande vya kukingama kama ngazi. Tukining'iniza nusu kilo, ncha inashuka karibu sm 6.

Uzi unatoka kwenye bobini inayoukunja, unapita roda (gurudumu lenye mfereji wa uzi) ya toroli, unashuka kwenye roda ya kulabu, kisha unarudi juu na kufungwa kwenye toroli. Toroli ikienda nje, kulabu inapanda bila mtu kugusa mota ya kuinua. Tukiinua mzigo, toroli inavutwa kuelekea mnarani.

Mota ni zile za njano za roboti, gia 1:48. Tukizima, mzigo unateremka polepole mpaka chini.

Mkono mzima umeketi juu ya beringi moja ya 608 (tundu mm 8, kipenyo mm 22), na ncha yake inacheza hata bila mzigo.

Tumefikiria kuzidisha unene wa fito mara mbili. Tuanzie hapo, au pana jambo la kutangulia?

---

fundi_saiprasi:

Mwalimu, usianze na unene. Ugumu wa ufito dhidi ya kupinda huongezeka kwa kipeo cha tatu cha kimo chake, na fito zenu zina kimo cha mm 12 tu kwa sababu zimelala. Kwa saiprasi kavu, hesabu ya mzigo wa nusu kilo kwenye sm 110 inatoa mshuko wa karibu mm 54. Kwa hiyo sm 6 mnazoziona hazitokani na gundi mbaya. Ni umbo. Fito hizohizo zikisimamishwa kwa ubavu, mzigo uleule unashusha ncha karibu sm 2 tu.

Ndiyo, mkizidisha unene mara mbili ugumu unapanda mara nane. Lakini mkono utakuwa na uzito wa zaidi ya nusu kilo, sawa na mzigo wenyewe. Hapo mtaongeza uzani wa nyuma, kisha mnara, kisha kitako. Kila gramu ya mkono inalipiwa mara kadhaa huko chini.

Kinachofaa ni mkono wa pembetatu wenye vijiti vya mshazari, kama wa kreni halisi. Fito mbili chini, moja juu. Upana wa chini mm 60, kimo mm 50, na mkono mzima ugawanywe vyumba 20 vya mm 60. Mbao za kuandaa:

- fito 3 za mm 6 × 6, urefu sm 120
- vijiti vya mm 4 × 4, jumla mita 8, na ongezeni mita 2 za kuharibika
- vipande 2 vya mm 4 × 3, urefu sm 120, vya reli ya toroli

Mkono huo una uzito wa karibu gramu 140 pamoja na gundi. Hesabu inatoa mshuko wa mm 5 kwa mzigo wa nusu kilo. Viungo vikilegea kidogo tarajieni mm 7 au 8.

Mbao: ukienda yadi za Gikomba chukua ya inchi 2 kwa 1 iliyonyooka, isiyo na vifundo, nyuzi zake zikienda sambamba na ukingo kutoka mwisho hadi mwisho. Omba futi 5. Futi 4 ni sm 122, na ncha za mbao ya yadi huwa zimepasuka, kwa hiyo hutabaki na kitu cha kukata. Saiprasi nyingi yadini bado ni mbichi. Ukiipasua leo na kuigundisha kesho, fito zitajipinda zikikauka na mkono utageuka msokoto. Pasueni, zifungeni pamoja kwenye ubao ulionyooka, ziacheni ndani ya nyumba wiki mbili au tatu. Kupasua vijiti vya mm 4 ni kazi ya fundi mwenye msumeno wa meza na kisukumizi, si ya mwanafunzi. Msumeno unakula mm 3 kila mpasuo, kwa hiyo karibu nusu ya mbao inaishia kuwa vumbi. Nunueni mkijua hivyo.

Kuunda: choreni uso wa chini kwa ukubwa kamili kwenye karatasi, bandikeni juu ya ubao wa MDF, funikeni kwa nailoni ili gundi isishike. Pigeni misumari midogo pande zote mbili za kila ufito ili zisisogee. Gundisheni vipande vya kukingama na mishazari ya uso wa chini kwanza. Kisha kateni pembetatu 5 za plaiwudi, upana 60 na kimo 50, zisimamisheni kila sm 24 bila gundi, na ufito wa juu ulale kwenye ncha zake. Sasa wekeni mishazari ya pande mbili, kila kijiti takriban mm 65, vikipanda na kushuka bila kuruka chumba. Gundi ikishakauka, pembetatu za plaiwudi hutolewa.

Kabla ya kugundisha pande hizo, inueni ncha ya ubao mm 8. Mkono ukizaliwa umeinuka kidogo, ukibeba mzigo unakuwa sawa, na ukiwa mtupu unapendeza zaidi kuliko ule ulionyooka kabisa.

Gundi nyeupe ya mbao inatosha, ila mwisho wa kijiti hunywa gundi. Pakeni mara ya kwanza, subirini dakika 5, pakeni tena ndipo mbane kwa vibanio vya nguo. Nusu saa kubana, saa 24 kabla ya kuweka mzigo. Gundi ya kukauka papo hapo inavutia kwa haraka yake, lakini kiungo chake huvunjika kikigongwa, na moshi wake ni mbaya kwa macho ya watoto darasani.

Sehemu inayong'oka kwenye mifano mingi ni shina la mkono, pale unaposhikana na mnara. Mzigo wa nusu kilo ukiwa nchani, ufito wa juu unavutwa hapo kwa nguvu ya kilo 14. Gundi ya mwisho wa mbao haiwezi kuhimili hilo. Wekeni mashavu mawili ya plaiwudi ya mm 3, yenye urefu wa mm 60, yanayoubana ufito pande zote mbili, na bolti ya M4 ipite kwenye mashavu na kichwa cha mnara. Viungo vya vyumba vitatu vya kwanza vizungushiwe uzi wa fundi viatu na kupakwa gundi juu. Vingine havihitaji.

Mnara wenyewe una kazi ndogo kuliko unavyoonekana. Nguzo nne za mm 10 × 10, upana wa mm 64 nje kwa nje, zinatosha. Ila mishazari iwe kwenye nyuso zote nne. Ukiacha uso mmoja wazi, kila kreni inapoanza au kusimama kuzunguka mnara unajisokota.

---

kamba_na_roda:

Kulabu inayopanda na toroli inayorudi zina chanzo kimoja: mwisho wa uzi umefungwa kwenye toroli. Toroli ikitoka nje sm 40, uzi kati ya mnara na toroli unahitaji sm 40 zaidi, na unazitoa kwenye uzi wa kulabu. Kwa kuwa kulabu yenu ina nyuzi mbili, inapanda sm 20. Na mzigo wa nusu kilo unauvuta uzi kwa gramu 270 hivi (nusu ya mzigo na kulabu), mvuto ambao wote unaelekea mnarani. Hiyo ndiyo inayorudisha toroli.

Pitisheni hivi: kutoka bobini kwenye mkono wa nyuma, juu ya roda ya kichwa cha mnara, hadi roda ya kwanza ya toroli, chini kwenye roda ya kulabu, juu hadi roda ya pili ya toroli, kisha endeleeni nje na mfunge kwenye ncha ya mkono. Sasa toroli ikisogea, kinachoongezeka upande wa mnara kinapungua upande wa ncha. Kulabu inabaki kimo kilekile na mivuto ya pande mbili za toroli inafutana. Mota ya toroli inabaki na kazi ya kushinda msuguano tu. Kreni halisi za aina hii hupitishwa kamba kwa namna hiyohiyo.

Roda: disku tatu za plaiwudi zilizobandikwa pamoja, ya kati mm 20 kwa kipenyo, za nje mm 24. Ekseli ni spoku ya baiskeli ya mm 2. Katikati ya roda wekeni kipande cha mrija wa antena ya redio iliyokufa. Mbao ikizunguka moja kwa moja kwenye chuma, tundu linapanuka na roda inaanza kuyumba. Roda mbili za toroli ziachane mm 40 ili nyuzi za kulabu zishuke zikikaribiana kidogo. Zikiwa sambamba na zimekaribiana mno, mzigo unajizungusha na nyuzi zinajifunga.

Uzi uwe wa kusukwa, ule wa kuvulia samaki, unene wa karibu nusu milimita. Uzi wa kusokotwa hujifungua ukibeba mzigo na kuizungusha kulabu. Nailoni ya uwazi nayo huvutika: mzigo unaondoka mezani kwa kurukaruka.

Bobini ya mm 20 inakula mm 63 kila mzunguko. Kuinua sm 100 kwa nyuzi mbili kunahitaji sm 200, yaani mizunguko 32. Ongezeni 3 ya kubaki kwenye bobini kulabu ikiwa chini kabisa, maana fundo peke yake halishiki mzigo. Bobini yenye upana wa mm 25 itapokea yote kwa tabaka moja. Tabaka la pili likianza, uzi unazama kati ya mizunguko ya chini na kunasa.

Kulabu na roda yake zisiwe nyepesi kuliko gramu 40. Ikiwa nyepesi, haishuki ikiwa tupu. Uzi unalegea juu na kuruka nje ya roda. Nati mbili tatu za chuma ndani ya mashavu zinamaliza shida hiyo.

Toroli iwe na beringi ndogo nne za 623 (tundu mm 3, kipenyo mm 10), zikikimbia juu ya ile reli ya mm 4 × 3 iliyobandikwa nusu ya chini ya ubavu wa nje wa kila ufito. Ya kuisogeza ni bobini moja iliyo shinani mwa mkono yenye nyuzi mbili zilizozungushwa kinyume: mmoja unakwenda moja kwa moja kwenye toroli, wa pili unakwenda hadi roda ya ncha na kurudi kwenye toroli kutoka nje. Mmoja ukifunguka mwingine unakunjwa. Mahali pamoja wekeni springi ya kalamu, vinginevyo mbao ikivimba kwenye mvua za Aprili uzi unakaza, na ikikauka unalegea.

---

waya_luthuli:

Naongeza ya mota, mzunguko na mizani.

Mota ya njano haishiki mzigo kwa sababu gia zake ni za meno ya kawaida. Mzigo unaweza kuizungusha kinyumenyume. Kwa kuinua chukueni mota ya volti 12 yenye gia ya parafujo, mizunguko 40 kwa dakika. Ikizimwa inajifunga, hakuna breki ya kutengeneza. Kwa bobini ya mm 20 kulabu itapanda mm 21 kwa sekunde, mita moja kwa sekunde 48. Nguvu inayohitajika ni ndogo: gramu 270 kwenye nusu kipenyo cha sm 1, na msuguano ukihesabiwa haifiki nusu kilo mara sentimita. Mota hizo hupatikana maduka ya vifaa vya elektroniki Luthuli Avenue. Toroli haihitaji kujifunga. Mota ndogo yenye gia ya mizunguko 30 na bobini ya mm 15 itaivusha sm 95 kwa sekunde 40.

Swichi rahisi kuliko zote ni ya dirisha la gari, yenye miguu 5, inayorudi katikati ukiiachilia. Tayari imeundwa kugeuza mwelekeo wa mota. Ziko tele kwenye maduka ya spea Kirinyaga Road. Tatu, moja kwa kila mota.

Wekeni swichi ya kikomo chini ya toroli, ile ndogo yenye ulimi. Iunganishwe upande wake wa kawaida-imefungwa (unaopitisha umeme ulimi usipoguswa), mfululizo na mota ya kuinua, na dayodi ya 1N4007 (hupitisha umeme upande mmoja tu) ipite sambamba na swichi. Kulabu ikigusa ulimi, kupanda kunakatika lakini kushuka kunaendelea kupitia dayodi. Ikiwa haishuki, geuzeni dayodi. Bila kikomo, kulabu inagonga toroli, na mota ya parafujo haina huruma: inakata uzi au inang'oa ncha ya mkono.

Mzunguko. Beringi moja hubeba uzito ila haiwezi kuzuia kuinama. Wekeni mbili kwenye ekseli moja, zikiachana mm 80. Hata hapo, mwanya wa nusu milimita unakuwa mm 7 kwenye ncha ya sm 110, kwa hiyo makazi ya beringi yabane. Nashauri ekseli iwe mrija wa taa wenye nyuzi za parafujo, wa mm 10, na beringi za 6000 (tundu mm 10, kipenyo mm 26), kwa sababu nyaya hupita ndani. Toboeni kwa biti ya mm 25 kisha mpanue kwa msasa uliozungushiwa kijiti hadi beringi iingie kwa kusukumwa na kidole gumba. Fungeni kwa nati mbili zinazokazana. Kazeni mpaka mchezo uishe, basi. Mkizidi, beringi inanguruma na mota inachemka.

Kuzungusha: disku ya plaiwudi ya mm 120 kwenye sehemu inayozunguka, mota ya parafujo ya mizunguko 10 yenye roda ya mm 20 mnarani, na mkanda wa tyubu ya baiskeli. Mnapata mzunguko 1.7 kwa dakika. Kreni halisi kwa kawaida haifiki hata 1, lakini kwa maonyesho ni sawa. Mkanda ni bora kuliko gia za meno hapa: mkono ukigonga ukuta, unateleza badala ya kuvunja mnara. Nyaya ziwe za kebo ya mtandao ya kuunganishia kompyuta, yenye nyuzi laini ndani. Ile ya kupitishwa ukutani ina waya mmoja mgumu, na ukiusokota mara nyingi unakatika ndani ya ganda bila kuonekana. Mkono usizungushwe zaidi ya mzunguko mmoja na nusu kila upande, nyaya zisijisokote mno.

Mizani, kwa gramu mara sentimita kutoka katikati ya mnara:

Mbele, mzigo kamili: mkono 140 × 60 = 8,400; toroli na kulabu 70 × 110 = 7,700; mzigo 500 × 110 = 55,000. Jumla 71,100.
Mbele, bila mzigo, toroli ikiwa sm 15: 8,400 + 1,050 = 9,450.

Uzani wa nyuma usilingane na 71,100, kwa sababu mkishusha mzigo kreni italemea sana nyuma. Chukueni kati ya hali mbili, 40,275. Mkono wa nyuma (100 × 20) na mota ya kuinua (200 × 25) vinatoa 7,000. Zinabaki 33,275, gawanyeni kwa sm 36: gramu 924. Nati na bolti kwenye kisanduku cha plaiwudi zinafaa, maana mnaweza kuongeza na kupunguza. Kinachobaki bila kusawazishwa ni 30,825 mbele au nyuma. Kitako cha sm 40 kwa 40 na kreni nzima yenye kilo 5 zinakipinga kwa 100,000, zaidi ya mara tatu. Kilo 3 kati ya hizo ziwe kwenye kitako chenyewe: mchanga au zege.

---

mwl_ufundi:

Hesabu hizi nitawapa wanafunzi wazifanye wenyewe kwa vipimo vyao. Swali moja: tuna betri ya kengele ya volti 12, ile ndogo ya 1.3Ah. Tuiweke mkono wa nyuma iwe sehemu ya zile gramu 924?

---

fundi_saiprasi:

Mimi ningeiweka juu. Ina zaidi ya nusu kilo, mnaokoa chuma.

---

waya_luthuli:

Hapana, chini. Swichi ziko mkononi mwa mwanafunzi aliyesimama mezani, kwa hiyo nyaya nne za mota ya kuinua na ya toroli zinapita kwenye mrija hata hivyo. Betri ikiwa juu mnaongeza mbili. Betri ya akiba ikiwa na uzito tofauti, mizani yote inahama. Iwekeni kwenye kitako, isaidie kushikilia, na fyuzi ya ampia 2 iwe karibu na ncha yake chanya. Ingefaa juu endapo mngetumia rimoti.

---

kamba_na_roda:

Nami naunga mkono chini. Mwalimu, mkimaliza msianze na nusu kilo. Ning'inizeni chupa ya lita moja ikiwa tupu, toroli ikiwa nchani, na rula imesimama pembeni. Mimineni maji mililita 100 kwa wakati, kila 100 ni gramu 100, na mwandike mshuko. Mshuko ukiongezeka kwa kiasi kilekile kila mara, mko sawa. Mfike hadi 600, mwache dakika 10, kisha mwondoe chupa. Ncha isiporudi ndani ya mm 2 ya ilipokuwa, kuna kiungo kinachoteleza: pigeni kila kijiti kwa ukucha kuanzia shinani, na kile kinachotoa mlio mzito wakati wenzake wanalia kwa ukali ndicho gundi yake imeachia.